Laptopu yangu iko kwenye Ubuntu ya beta: lazima ipigwe upya?

"Salaam mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa sekondari. Aprili 2024 kijana mmoja aliniwekea mfumo endeshi wa Ubuntu 24.04 kwenye laptopu kutoka kwenye flashi yake. Akaniambia hiyo ni beta, toleo kamili litatoka baada ya wiki mbili. Ikawa inafanya kazi vizuri, nikasahau. Kwa kuwa natumia bando la simu, nilizima masasisho yote yasije yakanimalizia MB. Juzi nimeandika lsb_release -a, ikanijibu 'Ubuntu Noble Numbat (development branch)'. Fundi wa mjini anasema beta haigeuki kuwa toleo kamili, lazima afute diski nzima apige upya. Mwalimu mwenzangu anasema niandike tu sudo do-release-upgrade -d. Humo ndani nina mitihani ya miaka sita na alama za wanafunzi, na sina diski ya nje. Nimsikilize nani?"

Mwalimu, kwa sasa laptopu usimpe fundi, na amri ya mwenzako usiiandike. Wote wawili wana nia njema, na kila mmoja ameshika kipande cha ukweli, ila ni ukweli wa mashine nyingine, si hiyo yako.

Unachohofia, nikikusoma vizuri, ni kwamba umekaa kwenye kitu nusu, na kukikamilisha kutakugharimu kazi ya miaka sita. Haitakuwa hivyo. Beta ya Ubuntu hugeuka kuwa toleo kamili bila kufuta chochote, kwa njia ileile ya masasisho ya kawaida uliyoizima. Faili zako hazimo katika zoezi hilo, ingawa bado nitakusumbua uzinakili kwanza. Bando litaliwa, na kwa muda ulioacha pengine litaliwa kweli, lakini mashine itakutajia kiasi kabla hujakubali.

Kinachowachanganya wengi ni lile neno "toleo". Tumelizoea kwenye vitabu: chapa ya kwanza, chapa ya pili, na ukitaka ya pili unanunua nakala nyingine. Ubuntu haiko hivyo. Ifikirie kama nyumba uliyohamia kabla haijapigwa rangi. Mafundi wanaendelea kuja kwenye nyumba hiyohiyo: leo wanafunga vitasa, kesho wanapaka chokaa, keshokutwa wanabadilisha bomba linalovuja. Siku ya kukabidhi nyumba ikifika, hakuna anayekuambia utoe vitanda nje ibomolewe ijengwe nyingine. Wewe ulichofanya ni kufunga geti wiki mbili kabla ya siku hiyo, mafundi wakabaki nje na ndoo zao za rangi.

Nyumba hiyo jina lake la ndani ni noble, kifupi cha Noble Numbat. (Numbat ni mnyama mdogo wa Australia anayekula mchwa, kila toleo la Ubuntu hupewa jina la mnyama, usiulize zaidi.) Kwenye seva za Ubuntu kuna ghala la programu lenye jina hilo. Flashi ya yule kijana ilikuwa picha ya ghala hilo ilivyokuwa siku beta ilipotoka, tarehe 11 Aprili 2024. Toleo kamili lilitoka tarehe 25 Aprili, nalo ni picha nyingine ya ghala lilelile, siku 14 baadaye. Laptopu yako tangu mwanzo imeelekezwa kwenye ghala, haikuelekezwa kwenye picha. Ungeacha masasisho yaendelee, ungelala tarehe 24 ukiwa kwenye beta na kuamka siku iliyofuata ukiwa kwenye toleo kamili, pengine bila hata kujua.

Sasa mashine inajuaje kwamba kitu cha toleo kamili ni kipya kuliko cha beta? Hapa ndipo pana utamu. Kila kifurushi cha programu (nikisema kifurushi leo sisemi kile cha kampuni ya simu) kina nambari ya toleo, na kazi ya apt, programu inayoshusha na kusakinisha vifurushi, ni kulinganisha nambari tu: iliyoko kwenye diski yako na iliyoko ghalani. Ya ghalani ikiwa kubwa, inashushwa. Watengenezaji wana alama moja ndogo ya kuonyesha kwamba kitu bado hakijaiva, nayo ni wimbi, ~. Nambari yenye ~ huhesabiwa kuwa ndogo kuliko ileile isiyo na ~. Jaribu mwenyewe kwenye terminali, haidhuru chochote:

dpkg --compare-versions 46~beta lt 46.0 && echo ndiyo

Itakujibu "ndiyo", yaani 46~beta ni ndogo kuliko 46.0. GNOME, ule mwonekano wa dirisha na menyu unaoutazama kila siku, kwenye 24.04 ni toleo la 46. Kwa hiyo beta ya kitu chochote kilichoandikwa hivyo hupisha kilichokamilika bila mtu kuamuru.

Mchezo huu wa nambari una upande wa pili unaoelezea mengi: zinakwenda mbele tu. Chukua mfano ulio ndani ya laptopu yako hivi sasa. Andika dpkg -l xz-utils utazame safu ya toleo. Utaona kitu kinachoanza na 5.6.1+really5.4.5. Nambari gani hiyo yenye neno la Kiingereza katikati? Tarehe 29 Machi 2024 mhandisi aitwaye Andres Freund alitangaza kwamba matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ndogo ya kubana faili inayotumika karibu kila mahali kwenye Linux, yamepandikizwa mlango wa siri. Alianza kushuku kwa sababu kuingia kwenye mashine yake kwa SSH (njia ya kuingia kwenye kompyuta kutoka mbali) kulichelewa kama nusu sekunde. Toleo lenye sumu lilikuwa limeshafika kwenye noble-proposed, yaani ukumbi wa majaribio wa ghala lako. Likaondolewa, na Ubuntu wakaamua kujenga upya vifurushi vyote vya noble vilivyojengwa tangu msimbo ule uingizwe kwenye xz. Ndiyo maana beta iliyopangwa kutoka tarehe 4 Aprili ilisogea hadi tarehe 11.

Lakini zingatia: walitaka watu warudi 5.4.5, iliyo safi, wakati apt haijui kurudi nyuma. Dawa yake ikawa kuchukua 5.4.5 na kuivika kanzu ya 5.6.1, kisha kuandika pembeni kwamba humu ndani kwa kweli ni 5.4.5. Ukiiona usishtuke, hiyo ndiyo salama. Na flashi ya yule kijana, kwa kuwa ni beta ya tarehe 11, ilitengenezwa baada ya usafi huo.

Huo mwendo wa kwenda mbele tu ndio chanzo cha kauli ya fundi wako. Hakuitunga. Anashinda na simu na Windows, na kule mambo ni tofauti. Simu ya Android iliyojiunga na beta, ukitaka kutoka kabla toleo kamili halijafika, hufutwa data zote, kwa kuwa hapo unairudisha nyuma. iPhone nayo, kurudi toleo la nyuma ni kuifuta kwa kutumia kompyuta, na nakala iliyohifadhiwa ukiwa kwenye beta haikubali kurejeshwa kwenye toleo la zamani. Windows kwenye chaneli ya Dev ndiyo kali zaidi: kutoka ni kupiga upya, na matoleo yake ya majaribio yana tarehe ya kuisha. Fundi ameona hayo mara nyingi, akajenga kanuni moja ya vyote. Hata huko, anayesubiri toleo kamili lifike kwa kawaida huvuka bila kufutwa, kwa sababu anakwenda mbele. Wewe pia unakwenda mbele.

Kuhusu yale maandishi yaliyokutisha, "development branch": hayakupimwa na mashine kwa kuchunguza hali yake. Yameandikwa tu ndani ya kifurushi kimoja kiitwacho base-files, kama kibao cha mlangoni. Siku chache kabla ya tarehe 25 Aprili kifurushi hicho kilibadilishwa ghalani kikaandikwa "Ubuntu 24.04 LTS" (LTS ni toleo linalohudumiwa muda mrefu). Wewe bado una kibao cha zamani kwa sababu hujasasisha. Kuna kibao kingine, na hiki hakitabadilika milele: faili la /var/log/installer/media-info, linalorekodi laptopu ilisakinishwa kutoka picha gani. Hilo litaendelea kusema Beta hata baada ya miaka kumi. Lichukulie kama cheti cha kuzaliwa. Mtu akizaliwa zahanati ya kijijini haimaanishi bado yuko wodini.

Tuje kwenye kazi yenyewe, na tuanze na mitihani yako. Tafuta flashi ya GB 32 au 64. Nyaraka za maneno na majedwali ya alama, hata za miaka sita, kwa kawaida hazijazi flashi ya namna hiyo. Zinazojaza ni video. Nakili folda ya Documents, kisha angalia na Desktop na Downloads, maana najua walimu, mtihani wa muhula wa pili uko Downloads. Baada ya kunakili, chomoa flashi, ichomeke kwenye kompyuta nyingine, ufungue faili mbili tatu uone zinafunguka. Nakala ambayo hujaifungua usiihesabu. Na kwa kuwa humo mna alama za watoto wa watu, flashi hiyo isizagae ofisini.

Halafu umeme. Laptopu iwe na chaji ya kutosha na iwe kwenye chaja. Nimewahi kusasisha kompyuta ya mezani ya duka moja la vifaa vya ofisi, umeme ukakatika vifurushi vikiwa katikati ya kufunguliwa. Ilipowaka tena haikufika hata kwenye skrini ya nenosiri. Haikuwa imekufa, niliingia kwenye hali ya uokoaji nikaandika sudo dpkg --configure -a, ikaendelea ilipoishia, kisha sudo apt --fix-broken install ikamalizia. Lakini jasho lilinitoka, mwenye duka amesimama nyuma yangu. Ziandike amri hizo mbili kwenye karatasi kabla ya kuanza.

Kabla ya kushusha chochote, tazama geti liko wazi kuelekea wapi. Andika:

cat /etc/apt/sources.list.d/ubuntu.sources

Kwenye mistari inayoanza na Suites unataka kuona noble, noble-updates, noble-backports, na chini yake noble-security. Ukikuta noble-proposed, yule kijana alikuwa mtu wa majaribio; iondoe kwa kufungua Software & Updates, kichupo cha Developer Options, utoe tiki. Sikwambii hivyo kwa sababu ya xz, iliisha zamani. Ni kwamba ule ukumbi una vitu ambavyo hata leo havijapimwa, na laptopu ya alama za wanafunzi haina kazi ya kupima. Tazama pia kama folda hiyohiyo ina mafaili mengine, maghala ya watu binafsi yaitwayo PPA. Kama yapo na huyakumbuki, yazime kwa sasa.

Kuna sababu ya kuwa mkali na hizo PPA. Katika wiki zilizotangulia beta, noble ilipitia hamahama kubwa ya namna kompyuta inavyohesabu muda. Programu za zamani za biti 32 huhesabu sekunde kwa namba itakayojaa tarehe 19 Januari 2038, na ili kuondoa tatizo hilo, maktaba nyingi (vifurushi ambavyo programu nyingine huvitegemea) zilibadilishwa majina zikaongezewa t64 mwishoni. Libssl3 ikawa libssl3t64. Tatizo lenyewe lilikuwa la mashine za ARM za biti 32, lakini majina yalibadilika hata kwa laptopu kama yako. PPA iliyojengwa kabla ya hapo bado inaulizia majina ya zamani, kama mgeni anayeulizia mtaa uliobadilishwa jina, na apt ikikwama kati ya majina mawili inaweza kupendekeza kuondoa vitu usivyotaka viondoke.

Ndiyo maana pia sitakupa apt upgrade peke yake. Amri hiyo ni ya upole: haiondoi kifurushi chochote, na penye sharti la kuondoa kimoja ili kingine kiingie, inakiacha tu, inakuambia kimebaki nyuma. Kwa kuvuka kutoka beta unahitaji full-upgrade, yenye ruhusa ya kuondoa. Ifanye kwa awamu mbili ili bando lisikuumize:

sudo apt update
sudo apt full-upgrade --download-only

Ya kwanza inasoma orodha ya ghala, inakula MB kiasi. Ya pili inapiga hesabu, inakuonyesha ni MB au GB ngapi zitashushwa, inasubiri ujibu Y au n. Hapo ndipo pa kuamua. Ukiona ni nyingi, jibu n, ununue bando la usiku, urudie. Mtandao ukikata katikati usiogope. Ukirudia amri, vilivyoshuka havishuki tena. Vikishaingia vyote, zima data ya simu kabisa, na bila kurudia apt update, andika:

sudo apt full-upgrade

Hii sasa inafungua vilivyoko kwenye diski. Kabla ya kusema Y, kuna mistari miwili mitatu ya kusoma kwa macho ya kusahihisha mtihani: ile iliyo chini ya maneno "The following packages will be REMOVED". Maktaba za zamani kuondoka ni kawaida. Ukiona ubuntu-desktop, gnome-shell au network-manager kwenye orodha hiyo, jibu n na usiendelee. Mashine haijaharibika; imekuambia kuna mgongano, na kawaida mgongano huo ni PPA uliyosahau kuizima.

Katikati inaweza kukusimamisha na kuuliza kuhusu faili la mipangilio: kuna jipya la mtengenezaji na kuna lako lililobadilishwa, ubaki na lipi? Kama hukuwahi kugusa mafaili ya mfumo kwa mikono yako, chukua la mtengenezaji, Y. Kama unakumbuka kuligusa, bonyeza N, ambalo ndilo chaguo la kawaida, la kwako libaki. Halafu washa upya. Kerneli (kiini cha mfumo) ya zamani haitupwi mara moja, kwa hiyo ikitokea mpya imegoma, bonyeza Esc wakati wa kuwaka, ingia Advanced options for Ubuntu, uchague ile ya kabla.

Ukirudi, andika lsb_release -a. Development branch itakuwa imeondoka, na pengine hutaona 24.04 peke yake. Utaona na nambari ya nukta. 24.04.1 ilitoka tarehe 29 Agosti 2024, 24.04.2 tarehe 20 Februari 2025, 24.04.3 tarehe 7 Agosti 2025. Nukta hizo si mifumo mipya, ni marundo ya masasisho yaliyokusanywa, nawe utakuwa umeruka moja kwa moja hadi la karibuni. Ukisasisha tena ukaona vifurushi vichache vimecheleweshwa "due to phasing", viache. Ubuntu huyatoa baadhi ya masasisho kwa watu wachache kwanza, wakiona hayajaleta kilio wanaongeza. Zamu yako itafika.

Kuna kundi moja ambalo apt hailigusi: snap, aina nyingine ya vifurushi. Firefox ya Ubuntu ni snap, na snap hujisasisha zenyewe mara kadhaa kwa siku bila kupitia ile mipangilio uliyoizima. Kwa hiyo kivinjari chako yaelekea ni cha kisasa kuliko nyumba kinamoishi, na huko ndiko baadhi ya MB zako zilikokuwa zinayeyuka. Ukitaka zisubiri amri yako, andika sudo snap refresh --hold, kisha kila ukiwa na bando la kutosha, sudo snap refresh.

Sasa amri ya mwenzako. do-release-upgrade haikukusudiwa kumaliza toleo ulilonalo. Ni ya kukuhamisha kwenda toleo jingine. Ile -d mwishoni inasema: nipeleke hata kama hilo toleo bado linatengenezwa. Mwenzako yaelekea aliitumia alipokuwa kwenye 22.04 akitaka kuingia 24.04 mapema, na kwake ilikuwa sahihi, kwa sababu watu wa 22.04 hawakufunguliwa njia ya kawaida mpaka 24.04.1 ilipotoka. Kwako ingeweza kukutoa kwenye beta ya zamani na kukuingiza kwenye beta ya kesho. Ukitaka uhakika zaidi, fungua /etc/update-manager/release-upgrades uone mstari wa mwisho unasema Prompt=lts. Mstari huo ukisema normal, siku moja utabonyeza kitufe cha kukubali bila kusoma ujikute kwenye toleo la kati linalohudumiwa miezi tisa tu, wakati 24.04 ina masasisho ya kawaida hadi 2029.

Je, kuna hali ambayo fundi angekuwa sahihi? Ipo, na nitakuwa muwazi. Nyumba hupakwa rangi, lakini msingi hauchimbwi upya. Masasisho yanabadilisha programu. Hayabadilishi namna diski ilivyogawanywa siku ya kusakinisha, wala kama ilifungwa kwa nenosiri au la, wala namna Ubuntu ilivyokaa pembeni ya Windows. Kisakinishi cha 24.04 kilikuwa kipya, na kama cha beta kiliacha kasoro pale, itabaki. Lakini dalili zake ungeshaziona: laptopu inayowaka leo na kugoma kesho, Windows iliyopotea kwenye menyu ya kuwaka, eneo la /boot dogo linalolalamika limejaa kila kerneli mpya ikija. Wewe umesema inafanya kazi vizuri, nami nakuamini. Kupiga upya pia si bure: faili la kusakinisha lina karibu GB 6, na juu yake bado kuna masasisho. Ningekushauri kupiga upya kama diski ingekuwa imechanganywa na PPA nyingi na proposed kwa miaka, au kama ungekuwa unaikabidhi kwa mtu mwingine.

Kuacha ilivyo ndilo chaguo baya kuliko yote, kuliko hata kupiga upya. Tarehe 1 Julai 2024, kwa mfano, lilitangazwa tundu kubwa la usalama kwenye OpenSSH, programu ya SSH, lililoigusa 24.04 pia, na Ubuntu wakaliziba siku hiyohiyo. Kama hukuweka seva ya SSH, hilo halikukuhusu. Lakini ni moja tu kati ya mengi, na geti lako limefungwa tangu Aprili.

Kuna hali ambazo sitaki uzihangaikie peke yako na ukurasa huu. Laptopu ikitoa sauti ya kugonga kutoka kwenye diski, au sudo dmesg ikionyesha maneno I/O error, acha kila kitu, hiyo ni diski inayokufa. Mpelekee mtu anayejua kuokoa data, na usiiwashe-washe. Kama diski imefungwa kwa nenosiri na anayelijua ni yule kijana peke yake, mtafute kabla ya kuwasha upya. Kama laptopu ni ya shule na kuna mtu wa TEHAMA anayeisimamia, mhusishe. Na ukilazimika kurudi kwa fundi, nenda baada ya kunakili, mwambie mapema "usifute chochote", ukae pale hadi amalize. Fundi mzuri hatachukia.

Mwisho, usirudi kuzima yote. Kwenye Software & Updates acha masasisho ya usalama yajishushe. Kuna jambo huenda hukulijua: laptopu ikiunganishwa na hotspot ya Android, mara nyingi huitambua kuwa ni mtandao wa kulipia kwa kipimo, na masasisho hayo ya kujiendesha hukaa kimya yenyewe. Kwa hiyo hata ukiyawasha, bando lako la mchana halitaguswa ovyo, lakini pia hayatashuka yenyewe. Mara moja kwa wiki, usiku, andika sudo apt update kisha sudo apt upgrade. Sasa hivi ile ya upole inatosha.

Ukishawasha upya, niandikie mstari wa Description unasemaje. Ukiwa bado unasema development branch, niletee na majibu ya apt policy base-files yote kama yalivyo, usifupishe.